Mpira Usipomjia

Machi, Monroe, Louisiana. Ukumbi wa chuo
una nyasi za plastiki na harufu ya raba mpya.
Tumekaa kumi na mmoja, sote na kofia, sote na saa kiganjani,
kama wanunuzi wa ng'ombe wanaoona haya
kuitwa wanunuzi wa ng'ombe.

Kwanza mkono. Wanamtandazia kiganja juu ya ubao,
toka gumba hadi kidole cha mwisho: shubiri.
Inchi tisa na robo. Kalamu kumi na moja zinaandika tisa na robo.
Tavarius Guillory, mpokeaji. Ratili mia na themanini na nne.
Amevua shati, anatazama mbele, mahali pasipo na mtu.

Kisha yadi arobaini.
Wahenga walionya: mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Ukingo wa hapa ni magodoro ya buluu yaliyoegemezwa ukutani;
vijana huyapiga kwa bega, wakageuka upesi
kusoma nyuso zetu. Nyuso zetu zimefunzwa kutosomeka.
Nne nukta sita moja.
Haskett anapuliza hewa puani, anafunga daftari.
Kwa sehemu ya kumi ya sekunde
kijana amekwisha kuwa mzee.

Mimi sikufunga langu.
Si kwamba ni mwema. Nina goti la chuma
na miaka ishirini na sita ya kahawa ya vituo vya petroli,
na niliwahi kumsifu mmoja, mwepesi kama uvumi,
aliyeogopa katikati ya uwanja kama paka aogopavyo maji.
Nilimwandikia raundi ya kwanza. Leo anauza bima Tulsa.
Kila Krismasi hunitumia kadi. Sijui kama ni shukrani.

Novemba nilikuja hapa bila kuaga mtu.
Mvua haikuwa kubwa, ila haikujua kukoma.
Guillory aliangusha mipira miwili. Wa pili ulimgonga kifuani,
pu, kama mlango.
Niliandika: anaangusha. Nikapigia mstari.

Halafu nikaacha kuufuata mpira.
Mpira ni mchongezi, humtaka kila mtu atazame upande wake.
Nikamtazama yeye tu, kushoto kabisa, usipomjia.
Akachomoka mstarini kana kwamba ni wake.
Hatua saba; bega likadanganya kulia, nyonga ikasema kweli,
akakata, akasimama wazi, peke yake,
viganja mbele ya kifua, vitupu.
Mrushaji alikuwa keshatupa kwingine.
Mara kumi na tisa. Nilihesabu. Mara kumi na tisa alikimbia hadi mwisho
njia ambazo hakuna aliyemwona akizipita.
Ya ishirini, mwenzake alidaka upande wa pili,
naye akaja kutoka mbali kumzuia beki
aliyemzidi ratili thelathini. Akalaliwa.
Akainuka na tope mdomoni, akimcheka mtu nisiyemwona.

Saa gani hupima hilo?

Aprili, chumba cha mkutano. Majina ukutani, kila moja na sumaku yake.
"Kasi?" anauliza mkurugenzi. Nasema. "Mikono?" Nasema.
"Sasa unampendea nini, Verlon?"
Nikafungua mdomo. Ikanijia mvua tu.
"Anamaliza njia zake," nikasema.
Mtu akacheka, si kwa ubaya.
Sumaku ikateremshwa safu mbili.

Usiku, motelini, nilitandaza kiganja changu
juu ya fomu iliyobaki, nikakizungushia kalamu.
Tisa kasoro. Mwaka wangu hawakupiga simu.
Nilikaa jikoni kwa mama siku mbili, waya nimeuviringa kidoleni
mpaka kidole kikafa ganzi,
na mama akiwakatia majirani wote waliopiga kuuliza.

Jumamosi, raundi ya sita, dakika zimebaki mbili,
mkurugenzi akanigeukia bila neno.
Sikuwa na jipya.
Nikarudia lile lile, polepole zaidi,
na mkono wangu, sijui kwa nini, umefunguka mezani.